Masuke yamegeuka meupe: ni funza, ni kimyanga au ni blasti?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari mbili za mpunga wa SARO 5 kwenye skimu huku Ifakara. Mwaka huu nilidhamiria kuvuna kweli, nikaweka kwa kila ekari mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda na mifuko mitatu ya urea. Urea yote niliimwaga siku moja, mpunga ulipofikisha mwezi shambani. Ukakoza kijani mpaka watu wanasimama barabarani kuutazama. Ulipotoa masuke, haikupita muda yakaanza kuwa meupe, mengine yamekatika shingo, ndani ni mapepe. Muuza pembejeo kasema ni funza, nimepiga dawa ya wadudu mara mbili, hakuna mabadiliko. Jirani anasema ni kimyanga. Nipige dawa gani? Mpunga uliopona naweza kuufanya mbegu? Na shemeji yangu wa Mbozi analima ulezi na ngano, anasema ulezi wake unafanya hivyo hivyo. Je, ni ugonjwa mmoja?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Najua inavyouma kuona shamba lililokuwa linasifiwa linaishia kuwa mapepe wakati gharama zote zimeshaingia. Nianze na jibu lenyewe. Kwa maelezo yako, hiyo ni blasti, ugonjwa wa ukungu, na umeshakamata shingo za masuke. Hakuna dawa itakayojaza punje za suke ambalo shingo yake imekufa. Usinunue chupa nyingine msimu huu. Hela iliyobaki itunze kwa ajili ya mbegu.

Lakini usiniamini kwa maandishi tu, hakikisha kwa mikono yako. Kesho asubuhi ingia jarubani, shika suke jeupe, livute taratibu kwenda juu. Kama ni funza wa shina, suke litachomoka lote kirahisi, na ukitazama mwisho wake wa chini utaona limetafunwa. Ukipasua bua utakuta tundu, kinyesi kama unga wa mbao, na pengine funza mwenyewe. Kama ni blasti, suke haliji. Tazama fundo la shingo, pale ambapo shina linaanza kubeba matawi ya punje. Utakuta limezungukwa na rangi ya kahawia iliyokoza au kijivu inayoelekea weusi, limesinyaa, na ukilipinda linakatika hapo hapo.

Kisha teremka kwenye majani. Tafuta mabaka yaliyochongoka ncha mbili, mfano wa mtumbwi ukiutazama kutoka juu, katikati rangi ya majivu, pembeni kahawia. Ukiyaona hayo pamoja na shingo nyeusi, maneno yamekwisha. Kimyanga ni kitu kingine: kinaletwa na virusi, mpunga unadumaa, majani yanakuwa manjano yenye mabatobato, na dalili zinaonekana mapema, mara nyingi kwa viraka viraka shambani. Wewe mpunga wako ulistawi mpaka ukapitiliza, kwa hiyo jirani amekosea. Kuna ugonjwa wa tatu ambao watu huuchanganya na blasti, ule wa madoa ya kahawia madogo ya mviringo, kama ufuta uliomwagwa juu ya jani. Huo ni ugonjwa wa shamba lenye njaa, hasa udongo uliopungukiwa potasiamu. Blasti hupenda shamba lililoshiba.

Kuhusu zile dawa mbili za wadudu, hazikuishia kukosa faida tu. Buibui na wadudu wengine wanaokula maadui wa mpunga nao wamekufa, kwa hiyo jaruba lako limebaki bila walinzi. Aliyekuuzia alitazama weupe wa suke, hakutazama shingo. Siku nyingine chomoa shina zima, nenda nalo dukani, na kabla ya kulifikisha dukani mwonyeshe afisa ugani.

Sasa nikueleze huyu adui anavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hatua zake utajua mwenyewe wapi pa kumzuia. Kitaalamu anaitwa Magnaporthe oryzae, na vitabu vingine vinamwita Pyricularia oryzae. Anasafiri kama vumbi jepesi lisiloonekana kwa macho, wataalamu huita spora. Kila spora ina umbo la peasi na imegawanyika vyumba vitatu. Zinaachiliwa zaidi usiku na alfajiri, zinapeperushwa na upepo, na zikitua kwenye jani lenye unyevu zinajibandika kwa gundi iliyo kwenye ncha yao. Hapo zinahitaji kitu kimoja tu: jani libaki na maji kwa saa nyingi mfululizo, kama saa kumi hivi au zaidi, kukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28. Fikiria usiku wa masika bonde la Kilombero, umande umelala mpaka jua linapanda. Tunampa kila anachohitaji.

Spora ikishaota, haitafuti tundu la kuingilia. Inajenga kifuko kidogo juu ya jani, inakipaka ndani rangi nyeusi inayozuia vilivyomo visivuje, kisha inavuta maji. Msukumo unaojengeka ndani ya kifuko hicho unafikia megapaskali 8, karibu mara 40 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Kwa nguvu hiyo kinasukuma mwiba mwembamba na kulitoboa jani. Nimeufundisha ugonjwa huu miaka mingi na bado hapo huwa nastaajabu. Baada ya siku nne au tano baka linajitokeza, na baka moja tu linaweza kutoa maelfu ya spora kila usiku kwa muda wa wiki mbili hivi.

Piga hesabu. Tangu ulipomwaga urea mpaka masuke yalipochungulia kulikuwa na wiki kadhaa, na kila wiki moja ni kizazi kipya cha ukungu. Ulichokiona juu ya masuke kilianzia kwenye mabaka machache ya majani ya chini, ambayo hakuna aliyeinama kuyatafuta kwa sababu shamba lilipendeza. Mpunga haukaguliwi kutoka barabarani. Ingia ndani mara moja kwa wiki, fungua mashina kwa mikono, tazama majani ya chini.

Nirudi kwenye urea, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako hata kama hukuuliza. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mifuko mitatu ni kilo 69. Mfuko wa DAP unaongeza kilo 9. Jumla umeweka kilo 78 za naitrojeni kwa ekari. Mpunga wa umwagiliaji wa aina yako kwa kawaida hupewa kilo 80 hadi 120 kwa hekta, ambazo kwa ekari ni kama kilo 32 hadi 48. Mfuko ule ule wa DAP na mfuko mmoja na nusu wa urea ungetosha. Kwa ekari zako mbili, mifuko mitatu ya urea ilinunuliwa kulisha ukungu.

Mpunga uliozidishiwa naitrojeni unakuwa na majani laini, mapana, yenye kuta nyembamba. Unachipua sana na kufunga, upepo haupiti chini, na umande ambao ungekauka saa mbili asubuhi unakaa mpaka saa nne. Kuimwaga yote siku moja kumezidisha tatizo. Msimu ujao gawanya: nusu mfuko wiki mbili au tatu baada ya kupandikiza, nusu mfuko unapochipua kwa nguvu, na nusu ya mwisho unapoanza kutunga suke ndani ya shina. Hiyo ya mwisho iwe na sharti. Kabla ya kuimwaga, kagua. Ukikuta mabaka ya mtumbwi, iache ghalani. Wakulima wengi wananibishia hapa, wanaona mpunga wenye mabaka ni mgonjwa anayehitaji chakula. Nakusihi usifanye hivyo. Urea juu ya blasti ni mafuta ya taa juu ya moto.

Maji nayo ni dawa ambayo watu hawaihesabu. Mpunga unaosimama kwenye maji huugua blasti kidogo kuliko ule unaoachwa udongo ukauke na kupasuka, na ndiyo sababu wanaolima mpunga wa milimani hupata shida zaidi. Wewe uko kwenye skimu, una bahati. Tengeneza kingo zako, sawazisha jaruba, shikilia maji ya kina cha sentimita tano hivi, hasa kuanzia mpunga unapobeba mimba mpaka punje zinapojaa maziwa. Kama zamu za maji kwenye skimu yenu zinakatika wakati huo, hilo ni jambo la kupelekwa kwenye mkutano wa wanachama kabla ya msimu, kwa sababu shamba moja lililokauka linaweza kurushia spora mashamba ya jirani.

Mbegu. Hapana, usipande mpunga uliotoka kwenye hilo shamba. Ukungu huu hukaa ndani ya punje na kwenye mabua makavu, ukisubiri msimu. Nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, au ya daraja la kuazimiwa, yaani inayozalishwa kijijini chini ya ukaguzi, kutoka kwa mkulima aliyesajiliwa, na uulize watafiti wa kilimo wa TARI Ifakara au TARI Dakawa ni aina gani sasa hivi zinaonyesha ustahimilivu wa blasti kwa eneo lenu. SARO 5 ina mavuno mazuri na soko, lakini mimi nisingeitegemea kinga yake peke yake. Na hata ukipata aina yenye kinga, usiione kama ulinzi wa milele. Korea Kusini walieneza mpunga wa Tongil miaka ya 1970, uliowapa mavuno ambayo hawakuwahi kuyaona, ukalimwa karibu kila mahali. Mwaka 1978 ukungu ulikuwa umeshapata njia ya kuipita kinga yake na blasti ikavamia mashamba. Aina moja ikitawala bonde zima, tumempa ukungu mtihani mmoja tu wa kufaulu.

Kama huna uwezo wa kununua mbegu ya ekari zote mbili, nunua kwa ajili ya moja. Nyingine chukua kwa mkulima ambaye shamba lake ulilikagua kwa macho yako likiwa kwenye masuke. Ioshe kwa maji ya chumvi: koroga chumvi kwenye ndoo mpaka yai bichi lielee na kuonyesha sehemu ya juu yenye upana wa sarafu, mimina mbegu, engua zote zinazoelea, kisha suuza zilizozama kwa maji safi mara mbili. Hii inaondoa mapepe na punje dhaifu, ambazo ndizo zinabeba ukungu kwa wingi. Ukungu ulio ndani ya punje iliyojaa hauondoki kwa chumvi, kwa hiyo changanya na dawa ya kuzuia ukungu kwenye mbegu kabla ya kusia.

Kitalu kiweke mbali na rundo la mabua ya msimu uliopita, tena mahali penye jua la asubuhi, pasipo kivuli cha miembe. Usisie kwa kubananisha. Ukiona miche ina mabaka, usiihamishie shambani kwa matumaini kwamba itapona.

Mabua je? Wengi watakwambia choma. Kuchoma kunapunguza ukungu, sikatai, lakini kunachukua na rutuba. Mabua yana silika nyingi, madini yale yanayofanya jani la mpunga likwaruze mkono, na silika ndiyo inayoimarisha ngozi ya jani dhidi ya ule mwiba niliokueleza. Kwa hiyo napendelea yalimiwe chini mapema mara baada ya mavuno yakaoze kwenye unyevu, au yarundikwe yakawe mboji. Kilicho hatari ni kuyaacha yamesimama na maotea yanachipua, yanaulinda ukungu mpaka msimu mpya. Pumba za mashineni nazo, ambazo kwenu zimejaa milima, zikichomwa taratibu bila moto mkali zinatoa majivu ambayo sehemu kubwa mno ni silika. Yamwage kwenye kitalu na kwenye jaruba kabla ya kuvuruga. Moto ukiwa mkali sana silika inageuka kuwa fuwele ngumu na mmea huitumia kwa shida.

Umeuliza dawa, na sitakwepa. Zipo dawa za ukungu zinazofanya kazi dhidi ya blasti, kwa mfano zenye kiambato cha traisaiklazoli au azoksistrobini. Traisaiklazoli inazuia ukungu kutengeneza ile rangi nyeusi ya kwenye kifuko. Bila rangi hiyo msukumo haukamiliki na mwiba hautoboi. Unaona basi kwa nini lazima itangulie: ukungu ukishaingia ndani ya shingo, umechelewa. Wakati sahihi wa kulinda masuke ni mpunga ukiwa umebeba mimba kubwa, masuke ya kwanza yanaanza kuchungulia, na kurudia baada ya wiki moja hivi masuke yanapokuwa yametoka yote, kama hali ya hewa ni ya mvua na umande na uliona mabaka kwenye majani. Kama majani yalikuwa safi na jua linawaka, unaweza kuokoa hela yako. Nunua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, soma kipimo kwenye lebo, vaa vizuri, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hilo la mwisho si la kupuuza: mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango cha mabaki ya traisaiklazoli kwenye mchele hadi miligramu 0.01 kwa kilo, na wauzaji wa basmati wa India wakabanwa kweli. Mchele wako unaliwa na wanao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna njia moja ambayo ningependa kikundi chenu mjaribu hata kwenye jaruba tatu. Mkoa wa Yunnan, China, mwaka 1998 na 1999, maelfu ya wakulima walipanda mpunga wao wa kienyeji wa kunata, ulioliwa sana na blasti, mstari mmoja mmoja katikati ya mistari kadhaa ya mpunga chotara wenye kinga. Kwenye ule wa kunata blasti ilipungua kwa asilimia 94, na baada ya misimu miwili waliacha kupuliza dawa ya ukungu. Spora inayotoka kwenye shina dhaifu ilikuwa inaangukia shina lenye kinga na kufia hapo. Walivuna kwa mkono, kila aina peke yake, kwa hiyo mchele haukuchanganyika. Nyinyi pia mnavuna kwa mundu. Tafuteni aina mbili zinazokomaa karibu siku moja na zenye kinga tofauti, na TARI wanaweza kuwasaidia kuchagua.

Kwa mavuno ya sasa, tembea na mundu mapema, anza na sehemu zilizopona, uziweke gunia lake. Palipoathirika vuna kando, pepeta, anika vizuri. Mchele wake unaliwa. Utakachopoteza ni uzito, na punje nyepesi zitakatika mashineni, kwa hiyo usichanganye na mzuri ukaharibu bei ya wote.

Nimalizie na shemeji. Ulezi wake unaweza kabisa kuwa na blasti, maana ukungu huu ni ukoo mkubwa. Lakini ndani ya ukoo kuna milango, na kila mlango una zao lake: wa mpunga kwa kawaida hauangushi ulezi, wala wa ulezi hauangushi mpunga. Kwa hiyo hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Kwenye ulezi dalili ni shingo nyeusi na vidole vya suke vinavyokauka bila punje. Ang'oe ulezi mwitu na magugu ya jamii yake yanayoota pembezoni, maana yanautunza ukungu ule ule. Achague mbegu kwenye masuke safi. Aina zenye punje nyeusi au kahawia na masuke yaliyojifunga mara nyingi huvumilia zaidi kuliko zile nyeupe zilizoachia.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni ngano yake. Blasti ya ngano ilionekana kwa mara ya kwanza jimbo la Paraná, Brazil, mwaka 1985, na kwa miaka 30 ilibaki Amerika Kusini. Februari 2016 ikazuka Bangladesh, hekta kama 15,000 zikaathirika kwa msimu mmoja. Mwaka 2018 ikaonekana Afrika kwa mara ya kwanza, wilaya ya Mpika, Zambia. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ya Bangladesh na ya Zambia zote zilitoka Amerika Kusini, kila moja kwa safari yake. Mpika iko kwenye reli ile ile ya TAZARA inayopita hapo kwenu Ifakara na kupita Mbozi kabla ya kuvuka Tunduma. Kwa hiyo mwambie asipokee mbegu ya ngano iliyovuka mpaka kwenye gunia lisilo na lebo, hata kama anapewa bure na rafiki. Na siku akiona suke la ngano limegeuka jeupe kuanzia katikati kwenda juu, huku sehemu ya chini bado ni kijani, asilikate wala asilibebe kwenda kuonyesha watu. Apige picha, aweke alama mahali hapo, na siku hiyo hiyo amwite afisa ugani wa kata yake.